Bei ya Mwisho kwa Nyumba ya Mikelenge

Mimi nimeuza ndakala, samaki wadogo wakavu, katika soko la Kindu karibu maisha yangu yote, na sijui maneno ya uongo kuliko haya: bei ya mwisho. Mteja anasimama mbele ya meza, anapindua samaki kwa kidole kama anapindua mdudu, anauliza, mama, bei ya mwisho ngapi? Unamtajia. Anaguna, anatoa yake. Unamtajia nyingine, hiyo nayo ya mwisho. Anajifanya anaondoka, unamwita, mnakutana katikati, unamtupia kiganja cha matabishi juu, nyongeza ya bure, ili kesho arudi kwako, na kila mtu anakwenda zake akijua amemweza mwenzake. Kwetu bei ya mwisho ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Kwa hiyo siku watoto wa mwenye nyumba wetu walipotuambia kwamba kila anayetaka nyumba aandike bei yake ya mwisho kwenye karatasi, aifunge ndani ya bahasha, na bahasha zote zifunguliwe pamoja mbele ya shefu wa mtaa bila mtu kuongeza wala kupunguza, niliwauliza mara mbili kama nimesikia vizuri.

Nyumba yenyewe, ungepita mbele yake usingegeuza shingo. Iko Mikelenge, upande wa reli, matofali ya kuchoma, mabati yaliyotoboka, vyumba vinne na baraza. Nyuma kuna jiko la nje, kisha uwanja mwembamba unaoishia kwenye migomba. Sisi tulipanga vyumba viwili vya nyuma kabla ya vita, mume wangu alipokuwa bado anafanya kazi ya reli na reli ilikuwa bado inalipa. Mwenye nyumba, mzee aliyefiwa na mke, alikaa vya mbele. Alikuwa mkali wa kodi na mpole wa mengine yote. Alipofariki, watoto wake waliokuwa wamekulia Kisangani kwa wajomba hawakuwa na haja na Kindu, wakaamua kuuza. Binti yake mkubwa, mwalimu, ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote. Mdogo wake, mwanaume mzima mwenye mke na watoto, alimfuata nyuma na simu mkononi, ana haraka ya kurudi alikotoka.

Wanunuzi tulikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa kanisa, mwenye duka la saruji na misumari, aliyetaka kubomoa kila kitu na kujenga depo ya mizigo inayoshuka kwenye treni. Wa pili alikuwa bwana mmoja aliyepata pesa zake huko Kama, mji wa machimbo, kwa kununua dhahabu ya wachimbaji, na alitaka nyumba mjini kwa sababu kila mwenye pesa ya Kama anataka nyumba mjini. Wa tatu mimi. Wale wawili wote wangejenga. Wote wangechimba msingi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, maana nyuma ya jiko, kabla hujafika kwenye migomba, amelala mwanangu.

Miaka ya vita treni iliacha kuja. Bila treni, ndakala za Kalemie hazifiki, na mimi nikabaki na meza tupu. Nikawa nauza sombe, majani ya muhogo. Baadaye hata sombe ikawa taabu, kwa sababu mashamba yako nje ya mji, na nje ya mji kulikuwa na watu wenye bunduki, na ndani ya mji kulikuwa na wengine wenye bunduki. Ukitoka kutafuta muhogo, hawa wanakuuliza kwa nini unatoka, wale wanakuuliza kwa nini umekuja. Tulikula majani ambayo hata jina lake hatukulijua. Mwanangu alikuwa ameanza tu kusema maneno yanayoeleweka. Aliigiza mlio wa treni ambayo hajawahi kuiona, kwa kuwa baba yake alimfundisha, na alikuwa akizunguka jiko na mlio huo mpaka tunamwambia nyamaza. Akashikwa na homa na kuhara. Dawa hakuna. Alituacha asubuhi moja, mvua ikinyesha.

Njia ya makaburini haikuwa ya kupita siku hizo. Watu walikwenda kuzika wakarudi na maiti nyingine. Mwenye nyumba alitoka chumbani kwake, akatuangalia tulivyokaa, mtoto mapajani mwangu, akasema tumzike hapa hapa, uwanja ni wake na yeye ameruhusu. Alitaka mambo mawili tu: tusimwambie mtu, na pasiwekwe alama, kwa sababu nyumba yenye kaburi watu huiogopa, haipangishwi wala haiuzwi. Nilimwapia. Ningemwapia chochote siku ile. Tangu hapo nimepafagia kila asubuhi kama ninavyofagia uwanja wote, sawasawa, bila kupita haraka na bila kukawia. Waliozaliwa baada yake walicheza juu yake. Nilikuwa nasimama mlangoni nikiwatazama na sikuwafukuza.

Basi, mnunuzi wa namna hii afanye nini? Mume wangu, ambaye maneno yake huwa machache kama nywele za kichwa chake, alisema tuwaambie wale watoto ukweli. Mwenye kudai siri amekufa, alisema, na wao ni watu, wataelewa. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye ni mtu wa reli, alizoea bei iliyoandikwa ukutani kwa rangi. Sokoni, siku unayoonyesha kwamba unakipenda kitu, umekwisha. Mwenye mali akishaona macho yako, bei inapanda mpaka machozi yatoke. Kila kitu nilichopata kununua maishani nilikiponda kwanza. Kitenge nikipendacho nasema rangi yake itachuja. Kuku nimtakaye nasema ana kideri. Nikasema nyumba hii nayo nitaiponda, na tena nitaiponda vizuri.

Nikaiponda. Siku wanunuzi walipokuja kuiangalia, niliwatembeza mimi mwenyewe, kwa kuwa ndiye niliyeijua. Niliwaonyesha mabati, nikataja ndoo ninazotega mvua ikinyesha. Niliwaonyesha ufa wa ukuta, nikauchokonoa kidogo kwa ukucha ili vumbi lidondoke. Nikazungumzia mchwa, choo, maji yanayotuama. Mtu wa Butembo alikuwa anatikisa kichwa na kuhesabu kimoyomoyo, nilimwona, na nikajisifu kwamba kila neno langu linamshusha. Tulipofika nyuma ya jiko, yule wa Kama akasimama. Alisimama pale hasa. Akapiga ardhi kwa kisigino, mara mbili, kama wafanyavyo watu waliozoea machimbo, akauliza huku kuna nini.

"Huku hakuna kitu," nikasema. "Matope tu."

Nilisema kwa sauti ya sokoni, nikicheka. Kisha nikaingia jikoni kana kwamba nimesahau kitu kwenye moto, na moto haukuwepo. Nikakaa juu ya kinu. Nilimwomba mwanangu msamaha kwa kunong'ona, nikamwambia mama anafanya biashara, anyamaze kidogo.

Baada ya hapo zikaja siku za bahasha, na hizo sitaki nizirudie hata kwa kulipwa. Unajua, mimi ninauza kwa kusoma uso. Mteja akilamba midomo, najua. Akitazama meza ya jirani yangu, najua. Sasa nimepewa karatasi nyeupe. Karatasi haina uso. Ningeandika kidogo, mtu wa Butembo angenipita kwa bei ya soda na trekta lake lingeingia uwanjani. Nilikwenda mpaka dukani kwake nikajifanya ninatafuta misumari, ili nimsome. Nilimkuta anaongea kwenye simu kwa Kinande, lugha ya kwao, uso umetulia tuli kama maji ya ndoo, akaniuzia misumari ambayo mpaka leo sijui ya nini. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya mnada.

Usiku nilikuwa nalala na bei moja, naamka na nyingine. Nikimsikia mume wangu anakoroma nilitamani kumpiga. Chakula kikawa hakipiti. Wenzangu sokoni wakaanza kunitania, eti mama wa ndakala amepata mchumba, mbona anakonda. Nikacheka nao. Sikuweza kuwaambia, kwa sababu soko letu halina siri, neno likitoka kwa muuza chumvi asubuhi, mchana liko bandarini na limeshaota miguu mingine. Kichwani mwangu ilikuwa picha moja tu, watu wenye sururu wanafika pale nyuma ya jiko, na mimi niko nje ya ukuta, mpangaji aliyefukuzwa, sina hata haki ya kusema simameni.

Picha hiyo ndiyo iliyonishinda. Niliuza cherehani. Niliuza nafasi yangu nzuri sokoni, ile ya mlangoni, nikakubali kusogea nyuma karibu na wauza mkaa. Wanangu walio hai walituma walichokuwa nacho, na hawakuuliza sana, wakidhani ni uzee, mama anataka kufa kwenye nyumba yake. Nikajumlisha vyote. Kichwa cha soko kikaniambia andika nusu, bakiza nafasi ya kupanda. Mkono ukaandika vyote. Mume wangu aliisoma ile karatasi, akaketi, akavua kofia. Gundi ya bahasha ilikuwa imeharibika kwa unyevu, nikaifunga kwa bugali uliobaki chunguni, nikaupapasa mpaka ukakauka.

Shefu wa mtaa alituweka barazani kwake. Walikuwepo wale ndugu wawili, sisi wanunuzi, na majirani waliokuja kwa sababu majirani huja. Shefu alifungua ya mtu wa Kama kwanza. Bei ndogo, ndogo ya kuchekesha, ya mtu anayeanza kupatana. Akafungua ya mtu wa Butembo. Bei nzuri ya mtu mwenye akili zake, na chini ameandika kwa mwandiko safi kwamba tunaweza kuzungumza. Watu wakacheka, hata binti mwalimu akacheka, akasema si tuliwaambia ni bei ya mwisho? Yule bwana akasema ndiyo, ya mwisho, lakini tunaweza kuzungumza. Nilipumua. Nilijua nimewapita. Kwa dakika ile nilikuwa na furaha, nasema kweli, furaha ya kutaka kupiga vigelegele.

Kisha shefu akafungua yangu, na hakuna aliyecheka.

Niliwapita mno. Nilikuwa nimeweka karibu mara mbili ya mtu wa Butembo, kwa nyumba ambayo mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, niliwaambia inaliwa na mchwa. Shefu aliisoma tena, polepole, akidhani amekosea. Nikaona macho yote yamenigeukia na nikajua kilichotokea: nimeonyesha. Miaka yote nimeficha uso, nikaenda kuuandika kwenye karatasi.

Yule wa Kama ndiye aliyefungua mdomo. Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza kazi yake. "Mama wa ndakala hawezi kutoa feza hizi kwa mabati yenye kutoboka. Kule nyuma iko kitu. Nilimuuliza akakimbia jikoni."

Mtu wa mbali anaweza kushangaa, lakini kwetu kila aliyekuwepo alielewa mara moja. Maniema, mkoa wetu, ni nchi ya dhahabu. Wakati wa vita, waliokuwa nayo waliifukia kwenye mikebe ya maziwa, wengine wakafa na siri hiyo midomoni, na hadi leo mtu akichimba choo majirani huja kuchungulia. Mpangaji wa zamani, mzee amekufa, uwanja wa nyuma, bei ya kichaa. Hata mimi ningefikiri hivyo. Ndugu mdogo aliweka simu mfukoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema mkono wake hautagusa karatasi ya mauzo kabla hajajua baba yake aliacha nini ardhini. Dada yake alimwambia aache utoto, lakini hakulisema kwa nguvu, na mimi nilimwona naye anafikiri. Nyumba bado ilikuwa yao. Walikuwa na haki.

Wakaja uwanjani wote, na majirani nyuma yao. Mtu aliazima chepeo cha kuchimbia. Nilitembea kati yao. Nilijaribu bado, mnielewe, nilijaribu bado kufanya biashara: nilisema pesa niliikusanya kwa sababu nimeizoea nyumba, nilisema mimi ni mzee, nilisema mengi, na kila neno lilizidi kuwapa hakika. Yule wa Kama akaenda moja kwa moja pale alipopiga kisigino. Ndugu mdogo akashika chepeo. Mume wangu akanitazama, akasubiri niseme mimi.

"Mutoto wangu iko pale," nikasema.

Sikuwa nimewahi kulisema kwa sauti. Lilitoka dogo, kiasi kwamba waliokuwa nyuma waliuliza amesema nini. Binti mwalimu alishika mdomo. Lakini mdogo wake hakuacha chepeo. Alisema kwamba kila anayeficha dhahabu husema ni kaburi, na kwamba baba yao asingekubali maiti uwanjani kwake bila kuwaambia watoto wake.

Hapo hofu iliniisha. Sijui ilikwenda wapi. Niliyokuwa nimeogopa kwa majuma yote yale yalikuwa yamesimama mbele yangu, yameshika mpini, na nikaona ni kijana tu.

"Chimba, basi," nikamwambia. "Lakini polepole. Hakuzikwa chini sana. Mume wangu hakuwa na nguvu, tulikuwa na njaa, na baba yako alikuwa mzee, walipokezana. Utaanza kukuta kitenge cha kijani. Hicho ni changu, nilikuwa na viwili. Kichwa kiko upande wa jiko. Ukifika kwenye kitenge, weka chepeo pembeni, utumie mikono."

Yule wa Kama akarudi nyuma hatua, akatazama viatu vyake, kisha akapita katikati ya watu akatoka nje ya uwanja. Ndugu mdogo alikuwa bado ameshika chepeo lakini hakujua tena kinatumikaje. Dada yake akamnyang'anya, akakilaza chini, akaniuliza baba yao alimwombea sala gani. Nikamwambia ile ya kanisani kwao, kwa sababu sisi tulikuwa tumeshindwa kusema. Akalia, na mimi nikamfariji, mambo ya ajabu.

Waliweka mkono kwenye karatasi juma lile lile. Binti alitaka kunirudishia sehemu ya pesa, nikakataa, halafu nikakubali, kwa sababu mimi si mjinga na aliyenunua cherehani yangu alikuwa bado hajaiuza kwa mwingine. Mtu wa Butembo alituma mifuko miwili ya saruji bila kusema ni ya nini.

Ilikuwa ya kaburi, nadhani. Mume wangu aliitumia hivyo. Alipanga matofali chini kwanza, bila saruji, apate kipimo. Nilitoka jikoni kutazama, nikaona amekosea, ni fupi mno, mtoto gani analala hapo. Nikamwambia aongeze matofali mawili kila upande.

Hakuinua kichwa. Alinyoosha mkono wake mzima juu ya matofali, kuanzia begani, kama anavyobebwa mtoto.

"Alikuwa hivi tu," akasema.